JIKONI KWETU: Mbegu za lengalenga ni chakula kizuri, lakini si dawa

 

Mwezi huu tunataka tuzungumze juu ya mboga ambayo kila mmoja wetu anaijua. Sisi tuliotoka Kivu na ndugu zetu wa Burundi tunaiita lengalenga. Wenyeji wetu hapa Uganda wanaiita dodo. Watanzania na Wakenya wanasema mchicha. Majani yake tunakula karibu kila siku. Lakini je, mbegu zake? Wengi wetu tunaziacha zianguke chini, au tunaweka kidogo tu za kupanda. Sasa hivi masokoni kuna watu wanaziuza kwa kikombe, tena kwa bei kubwa, na wanasema zinatibu kila ugonjwa. Ndiyo sababu tumeona tuandike: namna ya kuzipata nyumbani, namna ya kuzipika, na pia namna ya kutodanganywa.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2023 mgao hapa Uganda unatolewa kwa makundi, na familia nyingi zimepunguziwa au zimeondolewa kabisa kwenye orodha. Mama akikosa pesa ya nyama, ya samaki na hata ya maharage, mtoto anabaki na uji mtupu wa mahindi. Uji mtupu unajaza tumbo, lakini haumjengi mtoto. Hapo ndipo mbegu za lengalenga zinaweza kusaidia.

NI MBEGU ZA NAMNA GANI?

Mbegu hizi ni ndogo sana. Gramu moja tu inaweza kuwa na mbegu elfu moja na zaidi. Lakini mmea mmoja mzuri unatoa makumi ya maelfu ya mbegu, kwa hiyo mistari michache nyuma ya nyumba si kitu cha kudharau.

Zilianza kulimwa kama nafaka huko Mexico, Amerika ya Kati na milima ya Andes, miaka mingi sana kabla Wazungu hawajafika. Mpaka leo Wamexico wanazipasua kama bisi, wanazichanganya na asali au sukari na kuwatengenezea watoto tamutamu. Wahindi nao wanafanya karibu hivyohivyo. Kwa hiyo si chakula cha njaa, ni chakula cha heshima huko kwao.

Zina ndugu yake anayeitwa kinoa. Labda mmesikia jina hilo kutoka kwa jamaa waliohamishiwa Marekani, Kanada au Australia, maana huko inauzwa madukani. Kinoa inatoka Bolivia na Peru, na Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2013 kuwa mwaka wa kinoa duniani. Mtu akikutumia au ukiikuta, kumbuka mambo mawili. La kwanza, punje zake zina ngozi chungu yenye povu kama sabuni. Zioshe na kuzisugua mara nyingi mpaka maji yasitoe povu tena. La pili, kikombe 1 cha kinoa kinataka vikombe 2 vya maji na dakika kama 15 kwenye moto mdogo. Utajua imeiva ukiona kamkia keupe kametokea kwenye kila punje.

Lakini kinoa ni ghali na haiko kwenye soko letu. Lengalenga iko mlangoni. Tena haina uchungu ule wa sabuni.

Tuangalie kilichomo. Gramu 100 za mbegu kavu za lengalenga zina protini karibu gramu 14. Unga wa mahindi una kama gramu 7 mpaka 9. Isitoshe, protini ya mahindi ina upungufu wa sehemu moja ambayo mwili wa mtoto unaihitaji ili ukue, na mbegu hizi zinayo sehemu hiyo kwa wingi. Ndiyo maana zikichanganywa na mahindi zinafaa kuliko mahindi peke yake. Zina pia mafuta kidogo, na zina kalsiamu ya mifupa kuliko nafaka nyingi tunazozijua.

ZIPATIKANE WAPI?

Ziko namna nyingi za lengalenga. Zile zinazoota zenyewe kando ya njia, mara nyingi mbegu zake ni nyeusi. Nyeusi zinaliwa, lakini ni ngumu, hazipasuki vizuri kwenye sufuria, na zinakwaruza mdomoni. Za kupika ni zile nyeupe au za rangi ya krimu. Ukinunua za kupanda, mwaga kidogo kwenye kiganja uangalie rangi kwanza. Zile zenye miiba zisiingie kabisa shambani mwako.

Changanya mbegu na mchanga mkavu au majivu ili zisimwagike mahali pamoja, halafu zifunike kwa udongo kidogo tu. Ukizizika chini sana hazitoki. Zikiota, ng'oa zilizosongamana (hizo ni mboga ya leo jioni) na uache nafasi ya kama sentimita 20 mpaka 30 kati ya mmea na mmea. Usipande mahali maji ya choo yanapopita.

Hapa kuna jambo moja la kuamua mapema. Mmea unaoukata kila siku kwa ajili ya majani hautakupa mbegu nyingi. Basi gawanya: mistari ya majani na mistari ya mbegu. Kwenye mistari ya mbegu unaweza kuchuma majani machache ya chini kabla haijatoa maua, lakini kichwa usikiguse. Bustani ya gunia inafaa kwa majani. Kwa mbegu, afadhali ardhini.

Baada ya miezi kama mitatu, sugua kichwa cha mmea katikati ya viganja. Mbegu zikianguka kwa wingi, wakati umefika. Usingoje mmea ukauke wote, maana mbegu zitakuwa zimekwisha chini. Kata vichwa, vianike kwenye turubai au kitambaa safi siku kadhaa za jua, vipige kwa fimbo, halafu chekecha na upepete.

Tunarudia: kwenye turubai, si kwenye udongo. Mchanga ukiingia kwenye mbegu ndogo namna hii, kuutoa ni kazi ya siku nzima, na meno ya familia yatakulaumu.

KUSAFISHA

Mimina mbegu kwenye beseni la maji safi, zungusha kwa mkono, ondoa takataka zinazoelea. Kisha zungusha tena na umimine mbegu pamoja na maji kwenye chombo cha pili, polepole. Mchanga ni mzito, utabaki chini ya beseni. Fanya hivyo mara tatu au nne, kama tunavyofanya kwa mchele wenye mawe. Mwisho zichuje kwa kitambaa kisafi, maana chujio la chai linazipitisha zote.

Kama unataka kuzipasua au kuzisaga, zianike tena mpaka zikauke kabisa.

MAPISHI MANNE

1. Mbegu za kuchemsha

Kikombe 1 cha mbegu, vikombe 3 vya maji, chumvi kidogo. Chemsha maji, tia mbegu, punguza moto, funika. Zikoroge mara kwa mara kwa dakika 20 mpaka 25. Zikiiva zinakuwa laini lakini bado unaziona moja moja, na maji yake yanakuwa mazito. Usitegemee ziachane kama wali, hizi zinashikana, ndivyo zilivyo. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, changanya. Ukiwa na maharage yaliyoiva, yatie humo humo. Ni chakula kamili.

Ili kupunguza makala, ziloweke usiku kucha kabla ya kupika, na maji ya kulowekea uyamwage.

2. Bisi za lengalenga

Pasha sufuria kavu mpaka iwe moto sana. Tia kijiko 1 tu cha mbegu, funika, tikisa bila kuacha. Baada ya sekunde chache utasikia zinapasuka na kuwa nyeupe. Zimwage haraka kwenye sahani, maana zikikaa zinaungua na kuwa chungu. Rudia kijiko kwa kijiko. Sufuria ikiwa na moto mdogo hazitapasuka, zitakauka tu. Na usitie kikombe kizima kwa mara moja, utapata za kuungua chini na mbichi juu.

Watoto wakubwa wanazipenda hivi hivi na sukari kidogo. Mtoto mdogo asipewe kavu, asije akapaliwa. Mtilie kwenye uji.

3. Uji wa mtoto

Pasua au kaanga mbegu, kisha zisage. Changanya kikombe 1 cha unga huo na vikombe 3 vya unga wa mahindi au mtama. Hifadhi mchanganyiko.

Kwa kupika: koroga kikombe 1 cha mchanganyiko katika kikombe 1 cha maji baridi. Chemsha vikombe 3 vya maji, mimina humo huku unakoroga, uache uchemke dakika 15. Uji wa mtoto usiwe kama maji. Ukiinamisha kijiko, udondoke polepole. Ukiwa na karanga zilizosagwa, maziwa au mafuta kijiko kimoja, tia.

Wenye mazoea ya uji mchachu wanafanya vizuri zaidi: koroga unga na maji safi, funika, uache usiku mmoja au miwili uchachuke, halafu upike. Baadaye tutaeleza kwa nini ni vizuri zaidi.

Uji huu ni wa mtoto aliyefikisha miezi 6. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji.

4. Bugali na chapati

Unga wa lengalenga peke yake hausongeki, unakuwa kama gundi. Kwa bugali tia kikombe 1 kwa vikombe 4 vya unga wa mahindi au wa muhogo. Familia zinazokula bugali wa muhogo mtupu zitafaidika sana, maana muhogo una protini kidogo mno. Kwa chapati, kikombe 1 kwa vikombe 3 vya ngano. Zitakuwa na rangi ya udongo kidogo na harufu kama ya karanga. Wageni watauliza umetia nini.

SASA TUSEME UKWELI

Tumesikia maneno mengi: ya kwamba mbegu hizi zinaongeza damu kwa wiki moja, zinaponya kisukari, presha, hata virusi vya UKIMWI. Ndugu zangu, hayo si kweli. Hakuna chakula kinachoponya virusi vya UKIMWI, na mtu asiache vidonge vyake kwa sababu ya uji.

Na habari ya damu? Mbegu zina madini ya chuma mengi, hilo ni kweli. Gramu 100 kavu zina zaidi ya miligramu 7. Lakini kuwa ndani ya mbegu ni jambo moja, kuingia kwenye damu ya mtoto ni jambo jingine. Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya kwa watoto wadogo wa chini ya miaka 5. Kundi moja lilikunywa uji wa mahindi uliotiwa unga mwingi wa mbegu za mchicha. Kundi jingine lilikunywa uji wa mahindi uliotiwa unga wa vitamini wenye madini ya chuma. Upungufu wa damu ulipungua kwa wale wa unga wa vitamini. Kwa wale wa mbegu za mchicha haukupungua.

Sababu ni kwamba ndani ya mbegu, kama ndani ya mahindi na maharage, kuna kitu kinachokamata chuma kisiingie mwilini. Kuloweka na kuchachusha kunapunguza kitu hicho, ndiyo maana tumewasifia wapishi wa uji mchachu. Ndimu, chungwa, papai au nyanya pamoja na chakula vinasaidia chuma kiingie. Chai inazuia. Basi tusiwape watoto chai pamoja na chakula, tungoje kwanza muda upite.

Kwa hiyo tuseme hivi: mbegu za lengalenga ni chakula cha kumjenga mtoto aliye mzima aendelee kuwa mzima. Mtoto ambaye tayari ni mgonjwa, uji huu hautoshi. Mtoto mwenye viganja na midomo meupe, anayechoka upesi, apelekwe kituo cha afya apimwe damu; mara nyingi ni malaria au minyoo, na uji hauui malaria. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 ambaye mkanda wa kupima mkono unaonyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili, apelekwe siku hiyo hiyo. Huko atapewa chakula chake maalumu. Chakula hicho ni matibabu yake, kisigawanywe kwa ndugu zake na kisiuzwe ili kununua kikombe cha mbegu sokoni.

Tunasema hivi kwa sababu tunajua mama anavyohangaika. Akiambiwa na muuzaji kwamba kikombe hiki kitamponya mwanawe, atauza hata kitenge chake. Wiki mbili zikipita anangoja uji ufanye kazi, na mtoto anazidi kuisha. Muuzaji hatakuwepo wakati huo.

MASWALI MLIYOTULETEA

Mama mmoja wa watoto wanne anauliza: "Je, naweza kuwapa watoto mbegu mbichi zilizosagwa, kwa kuwa sina makala ya kutosha?"

Hapana, mama. Mbichi zinasumbua tumbo na mwili hauzitumii vizuri. Zikaange au uzipasue siku moja kwa wingi, usage, halafu uji utaiva upesi kila siku. Hapo ndipo utaokoa makala.

Baba mmoja anauliza: "Nimevuna kama kilo mbili. Niuze au tule?"

Mzee, sisi hatuwezi kukupangia nyumba yako. Lakini piga hesabu hivi: kilo mbili, ukitia robo kikombe cha unga kwenye uji wa watoto kila siku, zitakwenda miezi miwili na zaidi. Kama bei sokoni inaweza kukununulia maharage na mafuta ya miezi miwili, uza. Kama ni ya siku tatu, mle. Na kwa vyovyote vile bakiza kikombe cha mbegu za kupanda, kutoka vichwa vikubwa na vizuri.

Bibi mmoja anayelea wajukuu anauliza: "Nilizihifadhi zikanuka. Kwa nini?"

Shikamoo bibi, na pole. Huenda hazikukauka vizuri, au zilikaa chini penye unyevu. Zianike mpaka zimwagike kama mchanga mkavu bila kushikana, zitie kwenye jerikani kavu au chupa yenye kifuniko, uiweke juu ya ubao, si sakafuni. Unga unaharibika upesi kuliko mbegu kwa sababu ya mafuta yaliyomo, kwa hiyo saga wa wiki mbili au tatu tu kwa mara moja. Zenye ukungu usile, wala usiwape kuku. Zitupe.

Na kijana mmoja anayeishi peke yake anauliza: "Je, mwanaume akizila, zinaongeza nguvu?"

Kijana, zinaongeza nguvu ya kulima. Lima mistari mingine miwili, mmoja umpe jirani yako.

TUNAMALIZIA HIVI

Mvua zinakaribia. Aliye na mbegu nyeupe ampe mwenzake kijiko kimoja, maana kijiko kimoja cha mbegu hizi kinatosha kuanzisha shamba la familia. Wahudumu wa afya wa kijiji wanajua siku za kupima watoto katika kila mtaa, waulizeni. Nanyi mliojaribu mapishi haya mtuletee habari: zilipasuka? Watoto walikula? Mlichanganya na nini?

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya sombe: namna ya kuipika bila kupoteza uzuri wake, na kwa nini isipikwe haraka haraka. Mpaka hapo, mpike vizuri na mle pamoja.